Ngala: Mwalimu aliyekabidhiwa jimbo bila fedha wala askari

KWA muda wa takriban miezi 17, tangu Juni 1963 hadi Novemba 1964, Kenya ilikuwa nchi ya majimbo saba. Kila jimbo lilikuwa na bunge lake, na katiba iliyoandikwa London ililiahidi mamlaka katika mambo ya ardhi, elimu, afya na hata polisi. Wakenya wengi waliozaliwa baadaye hawajui kwamba mambo hayo yaliwahi kuwepo. Wale wanaojua hulikumbuka neno majimbo kwa sababu ya damu iliyomwagika katika miaka ya tisini.

Aliyeyapigania majimbo hayo kuliko mtu mwingine yeyote ni Ronald Gideon Ngala, mwalimu kutoka Pwani. Ni yeye pia aliyesimama bungeni Novemba 10, 1964, akakivunja chama chake na kuyaacha majimbo yafe. Maisha yake yanaeleza, kuliko hotuba nyingi za siku ya Madaraka, ni serikali ya namna gani hasa ambayo Waingereza waliwaachia Wakenya.

Ngala alizaliwa mwaka wa 1923 katika eneo la Kaloleni, nchi ya Wagiriama. Miaka tisa tu kabla ya kuzaliwa kwake, Waingereza walikuwa wamepigana na watu wake. Mwaka wa 1914 walilipua kwa baruti Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, wakawafukuza wenyeji kutoka kaskazini mwa mto Sabaki, kisha wakawatoza faini ya rupia 100,000 pamoja na vijana 1,000 wa kubeba mizigo ya jeshi katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaapisha watu wasimfanyie mzungu kazi, alikuwa amekwisha kukamatwa na kupelekwa uhamishoni Kisii.

Pigo jingine lilikuja kimyakimya, bila mlio wa bunduki. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka wa 1908 iliwataka wenye mashamba katika ukanda wa Pwani kujitokeza na kuyadai kwa kuandikishwa. Wamijikenda wengi hawakupata hati hata moja. Mtu akawa analima pale alipozikwa babu yake, lakini kwa karatasi za serikali yeye ni maskwota tu. Jeraha hilo halikupona, na ndilo lililomfanya Ngala, baada ya miaka mingi, kushikilia kwamba ardhi ya Pwani iamuliwe na Wapwani wenyewe.

Alisomea Kaloleni katika shule ya wamishonari, akaendelea hadi Shule ya Upili ya Alliance na hatimaye Chuo cha Makerere, Uganda, alikosomea ualimu. Alirudi nyumbani kufundisha, na baadaye akawa mwalimu mkuu Mbololo, Taita, na katika shule ya Buxton mjini Mombasa. Mwaka wa 1949 alichapisha kitabu kidogo kwa Kiswahili, Nchi na Desturi za Wagiriama. Waliomfahamu walimjua kama mtu mpole, Mkristo thabiti, msemaji mzuri wa Kiswahili asiyependa makelele. Sifa hizo zilimfaa darasani. Katika siasa ziliwafanya baadhi ya wapinzani wake kumwona dhaifu, nao walikosea, ingawa si kabisa.

Ili kuelewa jinsi mtu kama huyu alivyoishia kuongoza upande mmoja wa mgogoro mkubwa, ni lazima kuangalia mlango ambao Waingereza waliwafungulia Waafrika waingilie katika siasa. Mnamo Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Mwaka uliofuata chama cha KAU, ambacho kilikuwa kimejaribu kuwaunganisha Waafrika wa makabila yote, kilipigwa marufuku. Kwa miaka miwili hapakuwa na chama.

Mwaka wa 1955 serikali iliruhusu vyama tena, lakini kwa sharti moja: kila chama kiwe cha wilaya moja tu. Chama cha nchi nzima hakikukubaliwa. Katika sehemu kubwa ya Mkoa wa Kati, ambako vita vilikuwa vinaendelea, hata hivyo vya wilaya vilizuiwa. Nazo wilaya zenyewe zilikuwa zimechorwa na mkoloni kwa kufuata mipaka ya makabila, kila kabila na hifadhi yake na DC wake.

Matokeo yake hayakuhitaji mganga kuyabashiri. Kwa miaka mitano, mwanasiasa Mwafrika aliyetaka kujijenga alilazimika kujijenga miongoni mwa watu wa lugha yake. Marufuku hiyo ilipoondolewa mwaka wa 1960, vyama viwili vikubwa vilivyozaliwa vilikuwa kama vikapu vya kubebea vile vidogo vya wilaya. Wakosoaji wa Kizungu, baada ya uhuru, walipenda kusema kwamba Waafrika hawawezi siasa isiyo ya ukabila. Walisahau nani aliyeandika sharti lile.

Ngala aliingia Baraza la Kutunga Sheria katika uchaguzi wa Machi 1957, mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kwa kura. Wengine walikuwa Tom Mboya, Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Daniel arap Moi, Lawrence Oguda, Bernard Mate na James Muimi. Wanane hao walishikana vyema. Walikataa kuwa mawaziri katika serikali ya walowezi na kudai viti zaidi vya Waafrika. Ujumbe wa Waafrika ulipokwenda katika mkutano wa Lancaster House, London, Januari 1960, kiongozi wake alikuwa Ngala na katibu wake Mboya. Hii yaonyesha heshima aliyokuwa nayo. Mboya na Odinga walikuwa wakivutana, na mwalimu kutoka Pwani ndiye ambaye pande zote ziliweza kumkubali.

Mkutano huo uliamua kwamba Kenya ingetawaliwa na Waafrika walio wengi. Papo hapo swali likabadilika. Haikuwa tena kama mzungu ataondoka, bali ni Mwafrika yupi atakayeketi katika kiti chake.

KANU iliundwa Kiambu mwaka huo huo. Ngala na Moi walikuwa nje ya nchi, wakachaguliwa, mmoja mweka hazina na mwingine naibu wake. Walikataa vyeo hivyo. Machoni mwa watu wa makabila madogo, KANU ilikuwa chama cha Wakikuyu na Wajaluo, na cheo cha kulinda mfuko kilikuwa kama mfupa wa kumnyamazisha mbwa. Mnamo Juni 1960 viongozi wa Wakalenjin, Wamaasai, Wapwani na sehemu ya Waluhya walikutana Ngong wakaunda KADU. Ngala akawa rais wa chama, Muliro naibu wake, Moi mwenyekiti.

Hofu ya KADU haikuwa ya kubuni. Katika Bonde la Ufa, mashamba ya walowezi yalikuwa karibu kugawanywa, na swali la nani angeyapata lilikuwa wazi. Pwani, watu waliotoka bara walikuwa wamejaa bandarini na katika ajira za serikali. Wasio na hati za ardhi walijua kwamba anayeketi Nairobi na mhuri ndiye atakayesema shamba ni la nani. Wakati wa mkoloni ilikuwa hivyo. Kwa nini iwe vingine akiondoka?

Katika uchaguzi wa Februari 1961, KANU ilishinda viti 19 na KADU 11. KANU ilikataa kuunda serikali kabla ya Mzee Jomo Kenyatta kufunguliwa. Gavana Patrick Renison alikataa kumfungua. Ngala, baada ya kukubaliwa kwamba Kenyatta angejengewa nyumba Gatundu, aliunda serikali mwezi Aprili akiungwa mkono na Wazungu wa chama cha Michael Blundell na baadhi ya Wahindi, akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Hivyo basi, Mwafrika wa kwanza kuongoza serikali ya Kenya, hata kama gavana bado alikuwa juu yake, alikuwa Ngala. Vitabu vingi vya shule hulipita jambo hilo haraka.

Lilikuwa kosa kubwa kuliko yote aliyoyafanya, au labda hakuwa na njia nyingine. Akikataa, nchi ingebaki mikononi mwa gavana peke yake. Kwa kukubali, alionekana na umma kama aliyekula sahani moja na walowezi huku Mzee akiwa bado kizuizini. Kenyatta alifunguliwa mwezi Agosti 1961, Ngala akiwa serikalini, lakini hakuna aliyempa Ngala shukrani. Mwezi Oktoba Mzee alichukua uongozi wa KANU, na tangu hapo mizani ikaanza kuinama upande mmoja.

Hapo ndipo KADU ilipolitoa wazo la majimbo. Wengi wa KANU walisema lilikuwa wazo la walowezi, na ni kweli kwamba Blundell na wenzake walilipenda na kusaidia kuliandaa. Walowezi walitaka serikali ya Nairobi iwe dhaifu ili isiweze kuyagusa mashamba yao. Lakini si haki kusema kwamba Ngala alikuwa kasuku tu. Mgiriama aliyezaliwa miaka tisa baada ya Kaya Fungo kulipuliwa hakuhitaji mzungu kumfundisha ubaya wa serikali inayotawala kutoka mbali. Masilahi mawili yalikutana njiani, la mlowezi na la mnyonge, na hilo ndilo lililoliharibia wazo hilo jina hadi leo.

Kila upande uliitumia Kongo kama ushahidi. Nchi hiyo ilipata uhuru Juni 30, 1960, na kabla ya wiki mbili kwisha Katanga ilikuwa imetangaza kujitenga. KANU ilisema hayo ndiyo majimbo. KADU ilijibu kwamba machafuko huja pale wengine wanapoogopa kumezwa. Wote wawili walikuwa na hoja.

Mkutano wa pili wa Lancaster House ulianza Februari 1962 na kuendelea hadi Aprili. KADU ilikwenda na mshauri wa katiba kutoka Uswisi. Kenyatta na wenzake walikubali majimbo shingo upande, kwa sababu bila makubaliano hapangekuwa na tarehe ya uhuru. Wenye mamlaka ndani ya KANU walijua jambo ambalo KADU haikulipima vizuri: katiba ni karatasi, na anayeshika serikali ndiye anayeitekeleza. Baadaye baadhi yao walikiri kwamba walitia sahihi wakijua wangeibadilisha.

Ngala na Kenyatta wakawa mawaziri pamoja katika serikali ya mseto. Wakati huohuo, Ngala alikabili mtihani mwingine nyumbani. Katika ukanda wa Pwani uliokuwa kwa jina chini ya Sultani wa Zanzibar, baadhi ya wenyeji walitaka Mwambao uwe nchi ya peke yake. Ngala alipinga. Alitaka Pwani ijitawale ndani ya Kenya, wala si nje yake. Mnamo Oktoba 1963 Sultani aliachia haki zake kwa makubaliano. Aliyefanya kazi kubwa ya kuwazuia Wamijikenda wasiingie katika vuguvugu hilo alikuwa kiongozi wa majimbo, ambaye wapinzani wake walimwita mgawanyaji wa nchi.

KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963 kwa urahisi. Kenyatta akawa Waziri Mkuu Juni 1. Ngala akawa Kiongozi wa Upinzani mjini Nairobi na pia rais wa bunge la Jimbo la Pwani, huku Moi akiongoza lile la Bonde la Ufa. Seneti yenye viti 41, kimoja kwa kila wilaya na kimoja cha Nairobi, iliwekwa ili kuyalinda majimbo.

Kwenye karatasi, mpango huo ulionekana madhubuti. Hebu tuangalie ulivyokuwa kazini.

Kwa zaidi ya miaka 60 Waingereza walikuwa wameitawala Kenya kwa ngazi moja iliyonyooka: gavana, mkuu wa mkoa, DC, afisa wa tarafa, chifu, na chini kabisa raia mwenye kulipa kodi. Amri ilishuka na fedha zikapanda. DC alikuwa mkusanya kodi, hakimu na mkubwa wa polisi kwa pamoja. Hapakuwa na baraza la wenyeji lililoweza kumkatalia jambo kubwa. Ngazi hiyo haikujengwa ili watu wajitawale. Ilijengwa ili watu watulie.

Katiba ya majimbo haikuing'oa ngazi hiyo. Iliibandika majina mapya. Mkuu wa mkoa akaitwa katibu wa jimbo. DC akaitwa wakala wa serikali ya jimbo. Ofisi, bendera, magari na watu walikuwa walewale, na mazoea yao yalikuwa kuangalia Nairobi. Katibu alipokuwa na jambo zito, alimtafuta waziri wa KANU kabla ya kumjulisha rais wa bunge la jimbo, ambaye katika macho yake alikuwa mwanasiasa wa upinzani tu.

Kuhusu fedha, jimbo lilikuwa na kodi chache na likategemea mgao kutoka hazina kuu. Serikali kuu ilikawia kukabidhi idara na ikabana mgao. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Bunge la jimbo lisiloweza kujenga zahanati au kumwajiri mwalimu halikuwa na la kuwaonyesha waliolichagua, na haukupita muda wakaanza kujiuliza lina faida gani.

Askari nao walirudi Nairobi hata kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa. Katika mkutano wa tatu wa London, Septemba na Oktoba 1963, Kenyatta alimshinikiza waziri wa makoloni, Duncan Sandys, kuibadilisha katiba. Uajiri wa watumishi wa serikali ukawekwa chini ya tume moja, na udhibiti wa polisi ukaimarishwa katikati. Baadhi ya viongozi wa KADU walikasirika kiasi cha kutishia kuigawanya nchi. Waingereza walikuwa wameahidi kuyalinda makabila madogo, lakini walikuwa wameshapima nani atakayekuwa mwenyeji wao kesho, wakaegemea huko. Ngala hakuliongoza jimbo lake katika kujitenga. Vitisho vilipoa, na Desemba 12, 1963 alihudhuria uhuru akiwa kiongozi wa upinzani aliyeshikilia katiba iliyokuwa tayari imeng'olewa meno.

Mwaka wa 1964 ulikuwa wa kuhama. Mbunge mmoja baada ya mwingine wa KADU alivuka sakafu kwenda KANU, wengine kwa kushawishika, wengine kwa kuahidiwa vyeo. Serikali ilitangaza kwamba ingeifanya Kenya kuwa jamhuri yenye rais mwenye nguvu, na kwamba bunge likikataa, wananchi wangeulizwa kwa kura ya maoni. Ngala alihesabu, akaona hesabu haikai. Akitangulia kukivunja chama, watu wake wangeweza kupata nafasi mezani. Akisubiri kuvunjwa, wangeachwa nje. Hapo Novemba 10 alichagua la kwanza.

Kenya ikawa jamhuri Desemba 12, 1964. Katibu wa jimbo akarudi kuwa mkuu wa mkoa, naye wakala akarudi kuwa DC, na sasa walikuwa macho na masikio ya rais kama walivyokuwa ya gavana. Seneti iliunganishwa na bunge la chini kufikia mwisho wa 1966. Mabaki ya mabaraza ya majimbo yalifutwa mwaka wa 1968. Katika muda usiozidi miaka mitano, Waafrika huru walikuwa wameirejesha karibu nzima ile mashine waliyoipigania kuiondoa.

Ni rahisi kumlaumu Kenyatta peke yake kwa hilo. Lakini tawala nyingine za bara hili zilifanya vivyo hivyo katika miaka hiyo, na sababu moja ilikuwa nyepesi: mashine hiyo ndiyo pekee iliyokuwepo na inayofanya kazi. Kiongozi mpya aliyetaka kodi ikusanywe na amani idumu wiki ya kwanza aliikuta ikimngoja, imepakwa mafuta.

Ngala alipata nafasi yake mezani. Katika mkutano wa KANU wa Limuru, Machi 1966, uliovunja cheo cha makamu wa rais wa chama alichoshikilia Odinga na kuweka makamu wanane wa mikoa, Ngala alichaguliwa makamu wa Pwani. Akawa waziri wa ushirika na huduma za jamii, na baadaye wa nishati na mawasiliano. Mwaka huohuo bunge lilipitisha sheria ya kulinda usalama wa umma iliyomruhusu rais kumweka mtu kizuizini bila kesi, kama gavana alivyokuwa akifanya. Odinga, aliyekuwa ameyaponda majimbo, ndiye aliyeonja uchungu wake mwaka wa 1969 alipokamatwa na chama chake cha KPU kupigwa marufuku. Ngala, aliyekuwa ameonya juu ya serikali kuu isiyo na kizuizi, alikuwa ndani ya baraza la mawaziri wakati huo. Hakujiuzulu.

Kwa watu wake aliweza kuombea shule, barabara na nafasi za kazi, na alifanya hivyo kwa bidii. Suala la ardhi lilimshinda. Uwaziri ulimpa nafasi ya kuomba, ukamnyima mamlaka ya kuamua. Hati ziliendelea kutolewa Nairobi, na mashamba ya ufuo wa bahari yakaendelea kuangukia mikononi mwa wakubwa wasiojua hata mnazi unapandwaje.

Mnamo Desemba 1972, akisafiri katika barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, gari lake lilipata ajali karibu na Konza. Alilazwa hospitalini na kufariki siku ya Krismasi, akiwa na umri wa miaka 49. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba nyuki waliingia ndani ya gari na kumchanganya dereva. Wengi huko Pwani hawakuyaamini, na hadi leo jambo hilo huzungumzwa kwa sauti ya chini katika vibaraza vya wazee.

Moi, mwenyekiti wa zamani wa KADU, alikuja kuwa rais mwaka wa 1978. Kwa miaka 24 aliyokaa Ikulu alitawala kwa kutumia wakuu wa mikoa, DC na machifu kuliko hata mtangulizi wake. Katika miaka ya tisini baadhi ya washirika wake walilifufua neno majimbo kuwa kauli ya kuwafukuza watu waliohamia maeneo mengine, na nyumba zikachomwa katika Bonde la Ufa na, mnamo 1997, Likoni.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilileta kaunti 47, zilizoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Safari hii iliandikwa waziwazi kwamba kaunti zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na Seneti ikarudishwa kuzilinda. Polisi na hati za ardhi vilibaki mikononi mwa serikali kuu na tume zake. Naye mkuu wa wilaya hakuondoka. Bado yupo katika ofisi yake, chini ya bendera, safari hii akiitwa naibu kamishna wa kaunti.